Mashine ya vitafunwa hospitalini: mwongozo kamili wa kuchagua kabla ya kulipa

Swali la nini cha kununua kwenye mashine ya vitafunwa ya hospitali linarudi kila mara, na kosa ni lile lile. Mtu yuko zamu ya usiku katika hospitali ya Uingereza, kantini imefungwa, saa tisa usiku njaa imemkaba. Anasimama mbele ya kioo, anachukua kitu kilichoandikwa maneno ya kutuliza moyo kama "protini" au "asilia", analipa, kisha anageuza pakiti na kukuta sukari ya nusu siku.

Mwongozo huu ni wa wauguzi, wahudumu, wasafishaji na wabeba wagonjwa wanaokesha kazini, pamoja na ndugu wanaokaa na mgonjwa. Vipimo ni vya Uingereza kwa sababu huko ndiko mashine hizi zimejaa kwenye korido za hospitali, na huko ndiko wengi wetu wanaofanya kazi za afya ughaibuni wanakutana nazo. Aliye Marekani atazifuata hatua zile zile. Tofauti ni kwamba huko kampuni yenye mashine 20 au zaidi inatakiwa kisheria ionyeshe kalori za bidhaa kabla mteja hajalipa.

## Unachohitaji

- Simu yenye kamera na kikokotoo.
- Chupa ya maji ya kujaza tena, ya mililita 500 au zaidi.
- Kopo dogo lenye mfuniko, la akiba ya chakula kutoka nyumbani.
- Nafasi kwenye friji ya wafanyakazi, na kibandiko cha kuandika jina na tarehe.
- Kadi ya benki au sarafu. Mashine nyingi mpya hazipokei noti.

## Hatua ya 1: Ipige mashine picha ukiwa umeshiba

Nenda mwanzo wa zamu au wakati wa kuingia. Piga picha safu zote, namba za vitufe zionekane. Kama kuna mashine mbili, moja ya baridi na moja ya kawaida, piga zote. Ukipata nafasi, pita pia idara nyingine: mashine ya wodi ya dharura mara nyingi hujazwa tofauti na ile ya lango kuu.

Sababu ni kwamba kioo kinakuonyesha uso wa pakiti tu. Jedwali la virutubisho liko mgongoni, na huwezi kuligeuza kabla ya kulipa. Taa za rangi za mbele, yaani kijani, manjano na nyekundu, ni za hiari kwa mtengenezaji, kwa hiyo baadhi ya pakiti hazina.

Dawa yake ni albamu ya lebo. Bidhaa za mashine ni zile zile zinazouzwa supamaketi. Siku ukienda dukani, piga picha mgongo wa zile unazozikumbuka kutoka kwenye mashine yenu, uziweke pamoja kwenye simu. Hakikisha uzito wa pakiti ni ule ule, kwani kampuni nyingi hutoa ukubwa mbalimbali wa kitu kimoja.

Umefaulu kama una orodha fupi ya vitufe unavyoweza kubonyeza ukiwa umechoka, bila kufikiri upya.

## Hatua ya 2: Weka kikomo chako

Kumbuka namba nne za mtu mzima kwa siku nzima, kwa mujibu wa ushauri wa afya wa Uingereza:

- Sukari huru, yaani iliyoongezwa pamoja na ile ya juisi: isizidi gramu 30.
- Chumvi: isizidi gramu 6. Shirika la Afya Duniani linataka chini ya 5.
- Mafuta yale yanayoganda, yanayoandikwa "saturates" kwenye lebo: gramu 20 kwa mwanamke, 30 kwa mwanamume.
- Kafeini: miligramu 400, na kwa mjamzito 200.

Kwa kitafunwa kimoja cha usiku sisi tunapendekeza kalori 250 kama dari, sukari isiyofika gramu 10, na chumvi isiyofika gramu 1. Dari ya kalori hatukuiokota hewani: kanuni za NHS (huduma ya afya ya umma) za England zilizoanza kutumika kwenye mikataba ya hospitali miaka ya 2016 hadi 2019 zilitaka asilimia 80 ya chokoleti na peremende zinazouzwa hospitalini zisizidi kalori 250 kwa pakiti. Sukari na chumvi ni mgao wetu wenyewe, theluthi ya siku kwa sukari na sehemu ya sita kwa chumvi.

Tahadhari: sukari huru si sawa na mstari wa "of which sugars" kwenye lebo. Mstari ule unajumlisha kila sukari, hata ya asili iliyomo kwenye maziwa, ambayo haihesabiwi katika zile gramu 30. Maziwa matupu yana karibu gramu 5 kwa kila mililita 100, na hayo usiyaogope. Kwa mtindi wenye ladha, toa gramu 4 au 5 kwa kila gramu 100, kinachobaki ndicho kilichoongezwa. Juisi na matunda yaliyosagwa yanahesabiwa, hata kama chupa imeandikwa kuwa ni tunda tupu.

## Hatua ya 3: Maliza suala la kinywaji kwanza

Hapa ndipo sukari nyingi inapoingilia, na hapa ndipo pana mtego ambao hata watu makini wanauangukia.

Kola ya kawaida ina gramu 10.6 za sukari kwa mililita 100. Kopo la 330 ni gramu 35, na chupa ya 500 ni gramu 53, karibu vijiko 13 vya chai. Hilo wengi wanalijua. Mtego uko kwenye vile vinywaji vya rangi za matunda vyenye gramu 4.5 hivi. Uingereza iliweka kodi ya vinywaji vya sukari Aprili 2018, ikianzia gramu 5 kwa mililita 100, na watengenezaji wengi wakashusha sukari hadi chini kidogo ya mstari huo. Kanuni za hospitali za England nazo zilitumia mstari huo huo wa gramu 5. Kwa hiyo chupa inakaa kwenye mashine ya hospitali kihalali kabisa. Lakini zidisha: 4.5 mara 5 ni gramu 22.5 kwa chupa moja, robo tatu ya kiwango chako cha siku.

Utaratibu wa kuchagua ni huu:

1. Maji, kutoka bombani kwanza. Jaza chupa yako kabla hujaisogelea mashine. Kiu ya saa nane usiku wakati mwingine hujifanya njaa.
2. Maji ya mashine yasiyo na ladha. Yale yenye ladha yasome, mengine yana sukari.
3. Maziwa matupu, kama mashine ya baridi inayo. Yanashibisha pia.
4. Soda isiyo na sukari. Haina kalori, ila asidi yake inakula meno, kwa hiyo usiinywe kwa funda dogo dogo usiku kucha.
5. Juisi tupu, mililita 150 tu kwa siku. Chupa ya 330 ni zaidi ya dozi mbili.

## Hatua ya 4: Soma pakiti nzima, si mgao

Hatua hii ndiyo inayowaangusha wengi, basi tuichukue polepole.

Lebo huwa na safu mbili. Ya kwanza ni kwa gramu 100. Ya pili ni kwa mgao mmoja, na mgao anaupanga mtengenezaji. Chukua mfuko wa krispi wa gramu 90. Safu ya mgao inasema gramu 30, kalori 156, chumvi gramu 0.39. Unaona taa ya manjano, unaridhika. Nani amewahi kula theluthi ya mfuko wa krispi akaufunga? Mfuko mzima ni kalori 468 na chumvi karibu gramu 1.2.

Kanuni ni moja: namba ya gramu 100, mara uzito wa pakiti, gawanya kwa 100.

Baa ya nafaka ya gramu 45 yenye sukari 24 na kalori 440 kwa gramu 100:

- Sukari: 24 × 45 ÷ 100 = gramu 10.8
- Kalori: 440 × 45 ÷ 100 = 198

Kwa kalori imepita, kwa sukari imezidi kidogo. Kama ndicho kitu pekee kitamu cha usiku huo, ichukue bila majuto. Pamoja na ile chupa ya gramu 22.5, umeshavuka 33, na asubuhi bado haijafika.

Unapolinganisha bidhaa mbili, tumia safu ya gramu 100. Kwa vyakula, taa inakuwa nyekundu ikizidi mafuta 17.5, mafuta yanayoganda 5, sukari 22.5 au chumvi 1.5. Inakuwa kijani ikiwa mafuta hayazidi 3, yanayoganda 1.5, sukari 5 na chumvi 0.3. Unapoamua kununua, tumia hesabu ya pakiti nzima. Watu huyachanganya haya mawili, wakaishia kukataa karanga, zenye mafuta mengi kwa gramu 100, na kukubali pipi za jeli kwa sababu zina "mafuta sifuri".

### Maneno ya mbele na maana yake halisi

"Chanzo cha protini": asilimia 12 ya nishati inatoka kwenye protini. "Protini nyingi" ni asilimia 20. Hakuna neno hata moja hapo kuhusu sukari. Baa ya protini inaweza kuwa chokoleti iliyovaa nguo za mazoezi.

"Mafuta yamepunguzwa": asilimia 30 pungufu kuliko bidhaa ya aina yake, si kwamba ni machache. "Mafuta machache" ndiyo yenye kikomo cha gramu 3 kwa 100.

"Haikuongezwa sukari": ya asili inaweza kuwa tele, hasa kwenye baa za tende na juisi.

"Nyuzinyuzi nyingi": gramu 6 kwa 100. Hili ni dai la maana, likubali.

"Bila sukari" kwenye peremende: mara nyingi kuna vitamu mbadala kama maltitoli au sorbitoli. Mfuko mzima unaweza kukuharisha, na lebo yenyewe husema hivyo kwa maandishi madogo. Zamu ya saa 12 si mahali pa kulithibitisha.

Kwa Waislamu: pipi laini na baadhi ya mitindi zina jelatini, na isipotajwa mnyama usidhani ni ng'ombe. Tafuta alama ya kufaa kwa wasiokula nyama. Kwa mwenye mzio, vizio 14 vinavyotakiwa kisheria huandikwa kwa herufi nzito ndani ya orodha ya viambato. Herufi hizo ziko mgongoni, kwa hiyo asiye na picha ya lebo kwenye simu asibahatishe.

## Hatua ya 5: Chagua kinachokaa tumboni

Mwili unaishughulikia sukari vibaya zaidi usiku kuliko mchana. Kitu kitamu peke yake kinakupa nguvu kidogo, halafu kufika saa kumi macho yanaanza kufumba. Tafuta protini, nyuzinyuzi au vyote viwili.

Mpangilio wetu, kwa mashine ya kawaida ya hospitali:

1. Tunda bichi, likiwepo.
2. Karanga, lozi au korosho zisizo na chumvi, mfuko wa gramu 25 hadi 30. Mfuko wa gramu 50 una kalori kama 300. Mimina nusu kwenye lile kopo, funga, weka mfukoni.
3. Mtindi mtupu au jibini ndogo iliyofungwa, kutoka mashine ya baridi.
4. Bisi zilizotiwa chumvi kidogo, au krispi za dengu za mfuko mdogo.
5. Baa ya oti, ile iliyopita kwenye hesabu yako.
6. Chokoleti ndogo. Ndiyo, imo. Baa ya kalori 200 uliyoichagua kwa makusudi ni bora kuliko baa tatu za "afya" ulizokula kwa kujidanganya.

Kama unaweza, kula mlo kamili kabla ya kuingia zamu, na kati ya saa sita usiku na saa kumi na mbili asubuhi kula kidogo tu. Mashine iwe ya kuziba pengo.

## Hatua ya 6: Sandwichi na vya baridi

Kipimo: kalori 400 au pungufu, na mafuta yanayoganda yasiyozidi gramu 5 kwa 100. Ni kile kile walichopewa wauzaji wa hospitali za England kwa asilimia 75 ya sandwichi zao. Kuku, mayai au tuna kwenye mkate wa ngano nzima kwa kawaida hupita. Soseji, bekoni na jibini zilizojazwa mayonezi kwa kawaida hazipiti.

Kisha usalama. Tarehe ya "use by" ni ya usalama: ikipita, usile hata kama inanukia vizuri. "Best before" ni ya ubora tu, biskuti za jana haziui mtu. Angalia pia kipimajoto kwenye mashine. Sheria ya England inataka chakula cha namna hii kikae nyuzi 8 za Selsiasi au chini, na 5 ndiyo salama zaidi. Mashine nzuri hujifunga zenyewe joto likipanda. Ukiona namba juu ya 8 na bado inauza, achana na sandwichi na utoe taarifa.

Bidhaa ikikwama kwenye waya, usiitikise mashine wala kuiinamisha. Ina uzito wa mamia ya kilo na imewahi kuwaangukia watu. Piga picha namba ya mashine na simu iliyo kwenye kibandiko, udai pesa yako.

## Hatua ya 7: Kahawa na vinywaji vya nguvu

Mashine ya vinywaji vya moto ina siri ndogo. Kitufe cha "bila sukari" kinaondoa sukari ya ziada tu. Kapuchino, chokoleti ya moto na kahawa ya vanila hutengenezwa kwa unga ambao tayari una sukari ndani. Bonyeza kahawa nyeusi au chai, ongeza maziwa yako kutoka friji ya wafanyakazi.

Kopo la kinywaji cha nguvu la mililita 250 lina kafeini kama miligramu 80, na la 500 kama 160. Toleo lisilo na sukari lina kafeini ile ile. Kafeini nusu yake bado iko mwilini baada ya saa tano hivi, kwa hiyo weka ya mwisho saa sita kabla ya kulala. Ukilala saa tatu asubuhi, basi mwisho ni saa tisa usiku. Hapo ndipo watu wanapoanza kunywa, wakifika nyumbani wanabaki kutazama dari.

## Onyo kwa ndugu wa mgonjwa

Usimpe mgonjwa chochote cha mashine kabla ya kumuuliza nesi. Si ukali wa wodi, kuna sababu:

- Anayesubiri upasuaji. Kwa kawaida chakula husimamishwa saa 6 kabla, na maji saa 2 kabla. Chai ya maziwa haihesabiwi kuwa maji. Biskuti moja inaweza kuahirisha operesheni.
- Mwenye shida ya kumeza, hasa baada ya kiharusi. Vinywaji vyake hutiwa unga wa kuvifanya vizito. Soda ya kawaida inaweza kumuingia mapafuni.
- Mgonjwa wa figo. Krispi za viazi, karanga, chokoleti na juisi zina potasiamu nyingi. Chumvi mbadala yenye potasiamu ni mbaya kwake kuliko chumvi ya kawaida.
- Mtoto chini ya miaka 5. Asipewe karanga nzima, zinakaba koo.

Mwenye kisukari aliyeshuka sukari ni kinyume cha yote tuliyosema juu. Kipimo cha sukari ya damu kikiwa chini ya 4 mmol/L na anaweza kumeza, anahitaji gramu 15 hadi 20 za sukari ya haraka: kola yenye sukari mililita 150 hadi 190 inatosha. Isiyo na sukari haimsaidii hata kidogo. Chokoleti nayo inachelewa, mafuta yake yanazuia sukari isiingie upesi. Pima tena baada ya dakika 10 hadi 15. Na soma lebo hata wakati huo: baadhi ya vinywaji vya glukosi vilivyozoeleka kwa kazi hii vilipunguzwa sukari kwa kiasi kikubwa mwaka 2017, kiasi cha zamani hakitoshi tena. Mgonjwa wa wodini, bonyeza kengele kwanza. Asiyeweza kumeza au aliyepoteza fahamu asipewe kitu mdomoni.

## Hatua ya 8: Mashine ikiwa haina cha maana

Usimlalamikie kijana anayejaza mashine, yeye anafuata karatasi ya kampuni. Andika barua pepe kwa meneja wa chakula wa hospitali na uinakili kwa mwakilishi wa chama chako cha wafanyakazi. Weka:

1. Namba ya mashine na mahali ilipo.
2. Picha za safu zote, zenye tarehe na saa. Picha ya saa tisa usiku safu za maji zikiwa tupu ina nguvu kuliko aya tatu.
3. Bidhaa mbili au tatu unazotaka, kwa jina na uzito. Usiombe "vitu vya afya", hilo halina kitufe.
4. Kumbusho kwamba viwango vya kitaifa vya chakula hospitalini vya 2022 vinaitaka kila hospitali ya NHS ya England iwe na huduma ya chakula inayofaa saa 24, kwa wafanyakazi pia.

Omba mabadiliko ya safu chache kwanza, zikiwa usawa wa macho, na maji yawe na bei ya chini kuliko soda. Ukidai mashine nzima ibadilishwe mara moja, bidhaa za baridi zitaharibika kabla watu hawajazizoea, kampuni itarudisha chokoleti, na itakuwa na takwimu za kujitetea. Baada ya wiki nne uliza mauzo ya safu hizo. Ikiwa tunda linaoza na karanga zinaisha, ongeza karanga.

Wakati unasubiri majibu, lile kopo dogo lifanye kazi. Mayai mawili ya kuchemsha, kiazi kitamu, ndizi. Ukibeba wali, upooze ndani ya saa moja tangu upikwe, uweke frijini, uule ndani ya siku moja, na uupashe mara moja tu hadi utoe mvuke kote. Andika jina lako kwenye kibandiko, maana friji ya wafanyakazi nayo ina wateja wake wa usiku.